"Huenda", "Yaelekea" na "Hapana Shaka": Taarifa za Sayansi ya Tabianchi katika Kazi za Serikali

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa wakulima katika kijiji kimoja cha uwanda wa juu wa Ufipa, si mbali sana na mji wa Sumbawanga. Bwana shamba alisoma kwa sauti ukurasa mmoja wa waraka uliotafsiriwa kutoka Kiingereza, nao ulitokana, kwa hatua kadhaa, na taarifa za kimataifa za sayansi ya tabianchi. Sentensi moja ilisema kwamba kuna uwezekano mkubwa wa vipindi vya ukavu katikati ya msimu wa mvua kuongezeka. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia yake, akauliza: "Bwana Shamba, huo uwezekano mkubwa ni wa kadiri gani? Maana mimi nami niliambiwa kuna uwezekano mkubwa wa kupata mjukuu wa kiume, na sasa ninao wajukuu saba, wote wa kike." Watu wakacheka, bwana shamba naye akacheka, na mkutano ukaendelea. Swali halikujibiwa. Halikukosa jibu kwa sababu sayansi haina la kusema. Jibu lilikuwamo katika taarifa asilia, likapotea njiani, mikononi mwa mfasiri.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi taarifa hizo zinavyoandikwa, jinsi zinavyoingia katika mipango ya Serikali, na mahali ambapo Kiswahili chetu huziangusha. Nimechagua kuutazama mkoa wa Rukwa, kwa kuwa mkoa ule unalisha watu wengi nje ya mipaka yake, na kwa kuwa maumbile ya nchi yake huyafanya makosa ya tafsiri yaonekane upesi.

Jopo na kazi yake

Mwaka 1988 Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, yaliunda Jopo la Serikali Mbalimbali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba Jopo halifanyi utafiti wake lenyewe. Wataalamu kutoka nchi nyingi hukusanya tafiti zilizokwisha kuchapishwa, huzipima, huzilinganisha, kisha huandika ni lipi linalojulikana na kwa kadiri gani. Sehemu ya kwanza ya taarifa ya sita, iliyotoka Agosti 2021, iliandikwa na waandishi 234, nayo ina marejeo zaidi ya 14,000. Taarifa kuu zimetolewa mwaka 1990, 1995, 2001, 2007, 2013 hadi 2014, na 2021 hadi 2023. Kazi imegawanywa katika vikundi vitatu: cha kwanza hushughulikia sayansi ya maumbile yenyewe, cha pili athari na namna ya kuzihimili, na cha tatu njia za kupunguza gesijoto.

Kitabu kizima ni kikubwa mno kwa waziri au mkurugenzi. Kwa hiyo kila taarifa huwa na muhtasari wa watunga sera, na muhtasari huo hupitishwa mstari kwa mstari katika kikao cha wajumbe wa serikali wakiwa pamoja na wanasayansi. Hapo ndipo mfasiri anapopaswa kutega sikio. Mjini Madrid, Novemba 1995, wajumbe walibishana kwa muda mrefu juu ya kivumishi kimoja tu, yaani jinsi ya kuueleza mchango wa binadamu katika joto la dunia: je, useme ni mchango mkubwa, wa kutosha, au unaotambulika? Wakaafikiana juu ya "unaotambulika". Neno lililopiganiwa kiasi hicho halifai kufasiriwa na mtu aliyesinzia.

Watanzania wamekuwamo katika kazi hiyo. Profesa Pius Yanda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa makamu mwenyekiti wa kikundi cha pili wakati wa taarifa ya sita, na Julai 2023, katika kikao kilichofanyika Nairobi, Dakta Ladislaus Chang'a wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa Jopo lenyewe. Lakini lugha rasmi za Jopo ni zile sita za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili si miongoni mwazo. Mzigo wa kuzifasiri taarifa ni wetu wenyewe.

Taarifa za Jopo haziamrishi. Hueleza yale yanayoihusu sera, na kuiachia kila serikali iamue. Njia yake nchini petu ni ndefu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 1996, na Makubaliano ya Paris mwaka 2018. Chini ya mikataba hiyo Serikali hutoa nyaraka zake: mpango wa taifa wa hatua za kuhimili wa 2007, mkakati wa 2012, mkakati wa 2021 hadi 2026, na Mchango wa Taifa wa 2021 ambao ndani yake Tanzania iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo bila hatua yoyote kuchukuliwa. Ofisi ya Makamu wa Rais huratibu, wizara hupanga, halmashauri hutekeleza.

Tazama sasa lugha inavyobadilika katika safari hiyo. Jopo huandika kwa Kiingereza, na kwa sehemu kubwa wataalamu wa wizara huandika kwa Kiingereza. Kiswahili huanza kutumika mahali pale hasa ambapo mtaalamu wa lugha hayupo: katika halmashauri, katika kata, katika baraza la kijiji. Aghalabu mfasiri ni ofisa mwenyewe, usiku wa kuamkia mkutano, bila kamusi ya istilahi na bila mtu wa kumwuliza. Simlaumu. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kukiwezesha kubeba mizigo ya namna hii sasa haiwezi kuahirishwa.

Hali na tabia

Tuanze na lililo jepesi. Watu wengi husema "mabadiliko ya hali ya hewa" wakikusudia jambo lile lile ambalo wengine huliita "mabadiliko ya tabianchi". Tofauti ipo, na Kiswahili chenyewe huieleza vizuri kuliko lugha tunamofasiri. Mtu akiwa na homa leo twasema hali yake si nzuri. Hatusemi tabia yake si nzuri. Tabia hujulikana kwa kuishi na mtu miaka mingi. Ndivyo ilivyo kwa nchi. Mvua ya mawe iliyoanguka Sumbawanga jana ni hali ya hewa. Jinsi mvua za uwanda huo zinavyoanza, zinavyokatika na zinavyokoma kwa muda wa miaka 30 ndiyo tabianchi. Mwalimu akiwaeleza wanafunzi hivyo, hahitaji mchoro.

Kuna wanaoliandika neno hilo kama maneno mawili, "tabia nchi". Naona ni afadhali liwe neno moja, maana yakitenganishwa msikilizaji hudhani kwamba ni mwenendo wa taifa unaozungumzwa. Nimewahi kusikia mjumbe wa baraza akilaani rushwa kwa dakika tano chini ya ajenda ya mazingira kwa sababu hiyo hiyo.

Ngazi za uwezekano

Sasa tulifikie swali la mzee. Waandishi wa taarifa za Jopo hawatumii maneno ya uwezekano ovyo. Wamewekewa mwongozo, na kila neno lina kipimo chake cha asilimia. Kuna neno la jambo lenye uwezekano wa asilimia 99 na zaidi, jingine la 95 na zaidi, jingine la 90 na zaidi, na jingine la 66 na zaidi. Kuna neno la jambo lililo kati ya asilimia 33 na 66. Kisha ngazi hushuka upande wa pili: chini ya 33, chini ya 10, chini ya 1.

Maneno hayo yamebeba historia nzima ya elimu hii. Mwaka 2001 Jopo lilisema kwamba sehemu kubwa ya ongezeko la joto la miaka 50 iliyotangulia ilitokana na gesijoto, na likaliweka jambo hilo katika ngazi ya asilimia 66 na zaidi. Mwaka 2007 likapanda hadi ngazi ya 90, likitaja gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu. Mwaka 2013 likafika ngazi ya 95. Mwaka 2021 likaacha ngazi kabisa, likasema kwamba binadamu ameipasha dunia joto na kwamba hapana shaka juu ya jambo hilo. Mtumishi wa Serikali aliyefuatilia ngazi hizo aliona ushahidi ukijengeka kwa miaka 20. Lakini aliyesoma tafsiri zetu alikuta "kuna uwezekano mkubwa" katika 2001, "kuna uwezekano mkubwa" katika 2007, na "kuna uwezekano mkubwa sana" katika 2013. Kwake yeye wanasayansi walikuwa wakirudia wimbo ule ule, na pengine alistahili kuchoka.

Tatizo si uhaba wa maneno. Kiswahili kina labda, huenda, pengine, yumkini, yaelekea, aghalabu, bila shaka, na mengine. Tatizo ni kwamba hatukuyapanga, na mazungumzo ya kila siku huyachanganya. "Huenda" ya mtu anayesubiri basi na "huenda" ya mtu anayekataa mwaliko kwa adabu hazina kipimo kimoja. Neno "labda" lina kisa chake. Asili yake ni maneno ya Kiarabu yenye maana ya "hapana budi", yaani jambo la lazima. Na hilo "budi" bado tunalo katika "sina budi". Lilipoingia katika Kiswahili likageuka kuwa neno la mashaka. Likiwa neno moja liliweza kutoka kwenye yakini hadi kwenye shaka bila mtu kulizuia, sentensi ya sayansi nayo yaweza kupata ajali hiyo hiyo kati ya Geneva na Sumbawanga.

Pendekezo langu ni kama ifuatavyo. Kwa ngazi ya asilimia 66 na zaidi tutumie "yaelekea". Kwa 90 na zaidi "yaelekea sana". Kwa 95 na zaidi "yaelekea kabisa". Kwa 99 na zaidi "takriban hakika". Jambo la katikati, kati ya 33 na 66, tuliite "nusu kwa nusu", jinsi watu wasemavyo. "Huenda" na "labda" tuziache kwa ajili ya jambo ambalo waandishi hawakulipima kabisa. "Yumkini" ni neno zuri, nalipenda, lakini vijijini wengi hawalitumii, na wale wanaolitumia huligeuza geuza.

Upande wa kushuka una mtego. Mfasiri akifuata mkondo ule ule ataandika "haielekei", kisha "haielekei sana". Soma tena. "Haielekei sana" kwa Mswahili maana yake ni kwamba yaelekea kidogo. Kikanushi kimekula "sana", na ngazi imepanda badala ya kushuka. Jambo lenye uwezekano wa chini ya asilimia 10 litasikika kama jambo la asilimia 40. Kwa hiyo naona upande huo utumie "ni vigumu kutokea", "ni vigumu sana kutokea" na "ni vigumu mno kutokea". Hapo kiongezi huongeza kweli.

Zaidi ya hayo, idadi iandikwe ndani ya sentensi yenyewe na isiachwe chini ya ukurasa. "Yaelekea sana, yaani mara 9 au zaidi katika 10." Redioni sentensi hurefuka, nakubali. Irefuke.

Kuna kipimo cha pili ambacho wafasiri wengi hukichanganya na hiki. Mbali na uwezekano wa jambo kutokea, Jopo hueleza jinsi wataalamu wanavyoliamini hitimisho lao, kwa kuangalia wingi na ubora wa ushahidi, na jinsi tafiti zinavyoafikiana. Kipimo hicho kina ngazi tano, kutoka ndogo sana hadi kubwa sana. Kimezoeleka kuitwa "uhakika", na ngazi yake ya katikati "uhakika wa wastani". Ofisa wa mipango akisoma "uhakika wa wastani" hufunga faili: kama hawana hakika, kwa nini nipeleke fedha? Kumbe wenyewe walisema kwamba ushahidi upo, ila haujawa mwingi, au tafiti chache bado zinapingana. Napendekeza "itibari": itibari kubwa, itibari ya wastani, itibari ndogo. Mwenye duka humkopesha mtu mwenye itibari ya wastani. Humkopesha kidogo, lakini hamfukuzi. Halmashauri nayo yaweza kupanga kwa namna hiyo.

Asilimia 34

Taarifa ya kikundi cha pili iliyotolewa Februari 2022, katika sura ya Afrika, inasema jambo zito: tangu 1961 mabadiliko ya tabianchi yamepunguza ukuaji wa tija ya kilimo barani Afrika kwa asilimia 34, kiasi ambacho ni kikubwa kuliko cha bara jingine lolote. Neno la kuangaliwa ni "ukuaji". Tija ya kilimo ilikua. Ila ilikua pungufu kuliko ambavyo ingekua kama tabianchi isingebadilika. Nimekwisha kuona tafsiri zaidi ya moja zikiandika kwamba "uzalishaji wa chakula Afrika umepungua kwa asilimia 34". Tofauti kati ya sentensi hizo mbili ni kubwa. Mwanafunzi aliyetoka alama 40 hadi 60, badala ya kufika 70, amekua pungufu; lakini huwezi kumwambia mzazi wake kwamba mtoto ameshuka.

Ipeleke sasa tafsiri hiyo mbovu Ufipa. Babu wa mkulima wa leo alilima ulezi kwanza, na mahindi kidogo, katika matuta ya mviringo ambayo Wafipa huyaita intumba, akifukia nyasi chini ya udongo ili zioze na kuulisha. Kisha katika miaka ya 1970 zilikuja mbegu bora, mbolea, na bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, ambayo ilimwezesha mkulima wa mbali kama wa Rukwa kuuza sawasawa na aliye karibu na reli. Katika miaka ya 1980 Rukwa ilikuwa imekwisha kuhesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Mkulima wa Nkasi au Kalambo anajua kwa macho yake kwamba magunia anayovuna katika ekari moja ni mengi kuliko aliyovuna baba yake. Umwambie kwamba uzalishaji umepungua kwa theluthi moja! Atakusikiliza kwa heshima, kisha akirudi nyumbani hataamini neno lako jingine lolote, hata lile la kweli kuhusu vipindi vya ukavu. Neno moja lililodondoka limeivunja taarifa nzima. Na hasara ni yake, kwa sababu ile sentensi sahihi ndiyo iliyokuwa na habari anayoihitaji: kwamba jitihada zake zinavuja, na kwamba mbolea zaidi peke yake huenda isizibe tundu.

Maoteo, na viambishi vyetu

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa siku chache na mwelekeo wa msimu. Taarifa za Jopo hutoa kitu cha tatu: hesabu ya yale yatakayotokea miaka 30 au 80 ijayo endapo dunia itafuata njia hii au ile ya kutoa gesijoto. Kulipa jambo hili jina la "utabiri" ni kosa, na huko Sumbawanga ni kosa mara mbili. Jina la mji huo husimuliwa kuwa latokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi". Watu wake wamechoka na mizaha ya wageni juu ya waganga na watabiri, wala haifai ofisa wa Serikali aonekane ameleta ramli ya mwaka 2050. Katika hotuba za bajeti limeshazoeleka neno "maoteo", nalo lafaa hapa.

Lakini jina halitoshi. Sarufi nayo ina kazi. Mfasiri aliyezoea Kiingereza huandika "mvua kubwa zitaongezeka", akiacha sharti lililotajwa aya mbili nyuma. Kiswahili kina -ki- ya sharti, nacho ni chepesi: "joto la dunia likiongezeka kwa nyuzi 2, mvua kubwa zitaongezeka." Asitumie -nge- pasipo sababu, maana "lingeongezeka" humfanya msikilizaji aelewe kwamba jambo lenyewe haliko karibu kutokea, nalo liko karibu, kwa kuwa katika mwongo wa 2011 hadi 2020 joto la uso wa dunia lilikwisha kuzidi lile la 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.1 hivi. Kati ya -ki- na -nge- kuna maamuzi ya fedha.

Masika ya nani?

Nimesema kwamba maumbile ya Rukwa huyafichua makosa. Mtu akisimama juu ya milima ya Mbizi, mashariki yake chini kabisa liko Ziwa Rukwa katika bonde la ufa. Magharibi, mwendo wa kilomita mia hivi, liko Ziwa Tanganyika. Uwanda wenyewe uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na maziwa yote mawili yako chini ya uwanda huo kwa takriban mita 1,000. Mitambo ya hesabu inayotumiwa katika taarifa za Jopo huigawa dunia katika miraba ambayo aghalabu upande wake ni kilomita 100. Mraba mmoja waweza kuchukua mlima wenye ubaridi, bonde la mpunga lenye joto na maji ya ziwa, ukavipa vyote wastani mmoja. Kwa hiyo tusifasiri "katika eneo hili" kuwa "Sumbawanga". Tuseme wastani wa eneo pana.

Mvua nazo zina mkasa wake. Tafiti nyingi za Afrika Mashariki huzungumzia misimu miwili: mvua ndefu za Machi hadi Mei, na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Hizo kwa Kiswahili ni masika na vuli, na kwa mkulima wa Moshi au Kenya ya kati tafsiri hiyo ni sahihi kabisa. Rukwa haina misimu hiyo. Ina msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa huuita Msimu. Hata hivyo, watu wengi wa mikoa ya msimu mmoja huita majira yote ya mvua "masika", kuyatofautisha na kiangazi. Waraka unaosema "mvua za masika zimekuwa zikipungua" ukisomwa Namanyere au Matai, msikilizaji atadhani ni mvua zake zinazosemwa, ilhali tafiti zile zilihusu majira mengine katika nchi nyingine. Hapa mfasiri anayeheshimu kamusi peke yake atapotosha. Inambidi ataje miezi.

Ziwa Tanganyika limo katika taarifa hizo tangu zamani. Taarifa ya 2007 ilitaja tafiti zilizoonyesha kwamba maji ya ziwa hilo yamepata joto, na kwa sababu hiyo maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani. Virutubisho hubaki chini, na chakula cha samaki juu hupungua. Wataalamu wengine walijibu kwamba uvuvi uliopindukia nao una sehemu yake. Tofauti kati ya "imesababisha" na "imechangia" hapo inawahusu wavuvi wa Kirando na Kasanga moja kwa moja. Ukisema joto limesababisha kupungua kwa dagaa na migebuka, mvuvi atauliza kwa nini basi afungiwe ziwa, kama Serikali ilivyolifunga upande wa Tanzania kuanzia Mei hadi Agosti 2024. Ukisema uvuvi umesababisha, joto limesahauliwa. "Imechangia" ndiyo kauli ya taarifa, na mfasiri asione aibu kuirudia mara mbili katika aya moja.

Kuhimili na kupunguza

Istilahi hizi mbili nitazipitia upesi, kwa kuwa nyaraka za Serikali zimeanza kuzitulizia. Kuhimili ni kuishi na mabadiliko: mbegu zinazokomaa mapema, hifadhi ya misitu ya vyanzo vya maji kama ule wa Mbizi, kuziangalia tena intumba. Kupunguza ni kuzuia gesijoto zisipande angani. "Kukabiliana" ni mwavuli wa yote mawili, nao usitumike mahali pa mmojawapo. Kosa lililosalia ni la kuandika "kupunguza athari" mahali ambapo taarifa imesema kupunguza gesi zenyewe. Mfasiri huchukua msamiati wa maafa, ambako neno lile lile la Kiingereza kweli humaanisha kupunguza madhara. Matokeo yake, halmashauri huandika mfereji wa mafuriko katika safu ya gesijoto, na mfadhili huurudisha mpango bila maelezo marefu.

Lipo pia suala la "hewa ukaa". Katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, eneo ambalo hadi 2012 lilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa, vijiji kadhaa hupata fedha kwa kuhifadhi misitu yao. Habari hizo zimevuka mpaka, na Rukwa watu huuliza juu ya "kuuza hewa". Wapo wanaodhani kwamba hewa ya kijiji itachukuliwa. Kinachouzwa ni uthibitisho kwamba kiasi fulani cha kaboni kimebaki ndani ya miti. Kanuni za 2022 zinazungumzia biashara ya kaboni, na mimi ningeliacha neno "hewa" nje kabisa ya biashara hiyo.

Bado sijapata neno la kuridhisha la ile hatua ambayo mfumo wa maumbile ukishaivuka haurudi ulivyokuwa. "Kikomo" ni fupi mno, "hatua ya kutorudi" ni tafsiri ya neno kwa neno. Wasomaji wanaofahamu Kifipa, Kinyamwanga au lugha nyingine za huko waniletee walilonalo.

Kuhusu mzee wetu, baadaye niliitafuta sentensi asilia. Ngazi yake ilikuwa ile ya asilimia 66 na zaidi, na ilikuwa na sharti ambalo waraka uliliacha. Ingeweza kusomwa hivi: "Joto la dunia likiendelea kupanda, yaelekea, yaani mara 2 au zaidi katika 3, vipindi vya ukavu kati ya Novemba na Aprili vitaongezeka katika eneo hili pana." Na kupata mjukuu wa kiume ni nusu kwa nusu.